Baraza la Kushoto

Asubuhi nimeanza na ufagio wa chelewa,
nikaupiga uwanja mistari ya kukatana
kama alivyonifunza mkwe wangu, Bi Raya, aliyekuwa akisema
uwanja uliofagiwa ni barua,
mtu huisoma kabla hajapiga hodi.
Kuku wa Shaame wakapita, wakaongeza maneno yao.
Nimewaacha.

Nyumba yetu hapa Mtambwe ina mabaraza mawili,
mlango katikati, kama pua baina ya mashavu.
Shavu la kulia linang'aa kwa kukaliwa.
La kushoto limeliwa na masika kumi na saba:
udongo umetoka, mawe yanachungulia,
mijusi wamejenga mtaa.

Sikulisahau. Nisiseme uongo na udhu ninao.
Nililiacha.

Pale alikuwa akikaa Mgeni binti Faki,
jirani wa ukuta kwa ukuta,
tukisuka ukili, goti lake juu ya goti langu,
jina lake Mgeni na hapa hajawahi kuwa mgeni,
hata ukaja mwaka ule wa kura:
mumewe huku, mume wangu kule,
nasi tukafuata kama ndoo inavyofuata kamba.
Hatukuazimana tena moto wala chumvi.
Alipofiwa na mama, jeneza nililitazama kwa ufa wa dirisha.
Nilipofiwa na mume, sufuria zake hazikuja.

Juzi kapita mjukuu wake, Biubwa, kasimama nje ya ua:
"Bibi anauliza, mkilua wenu umeanza kutoa?"
Basi. Hilo tu.
Nilimchumia vilua vitatu, nikamfungia kwenye jani la mgomba,
jibu la mdomo sikumpa.

Jana Fundi Makame akaja na mwiko wake.
"Saruji?" akauliza. "Kesho tu unakalia."
Nikamwambia chokaa.
Saruji hushika upesi mno;
hapa nataka pashike polepole.

Ndani nimetandika busati jipya, zambarau na kijani.
Nimefungua sanduku kutafuta kanga ya kufanya pazia la mlango:
kanga sita, tano zina kijembe.
(Nilizinunua mwenyewe, na najua nilimnunulia nani.)
Nimetundika ile ya sita.
Kwenye kidaka nimeweka chetezo na kipande cha udi,
sijakiwasha, udi haupotezwi kwa dhana.

Makopo ya maziwa nimeyapaka chokaa iliyosalia,
humo mrehani, humo mnanaa,
na kuzunguka shina la mkilua nimepanga makombe ya pwani,
midomo yao juu, yanywe umande.

Imebaki sahani.

Ya maua ya buluu, ukingo wa dhahabu uliofifia.
Miaka kumi na saba iko ukutani sebuleni kwangu,
na kila aingiaye huisifu, nami husema, "Ya urithi."
Si ya urithi. Ilikuja na pilau,
Idi ile ya mwisho kabla ya kura,
na sahani ya jirani hairudi tupu,
nami sikuwa na cha kutia ndani yake
ila maneno.

Leo nimeishusha.
Ukutani umebaki mduara mweupe, mkubwa kama mwezi wa kumi na nne.
Kila pambo la nyumba hii lina mahali pake,
na pale mahali pake ni wazi. Sitapaziba.

Nimeiosha kwa majivu na ndimu.
Nimeijaza asumini, langilangi, tende saba,
juu yake kawa, lile tulilosuka sote wawili,
ukingo mmoja wangu, mmoja wake;
wake umenyooka zaidi, nakiri.
Nimeitua kwenye baraza la kushoto.

Nyuma ya ukuta nasikia ufagio wa mtu.
Unasita. Unaanza tena.
Huenda anafagia tu.

Chokaa haijakauka.
Akikaa leo itamchafua buibui.

Aje tu.